Mnyoo Asiye Mnyoo: Kiumbe wa Kilindini na Neno "Duni"

Ijumaa moja baada ya swala, mzee mmoja wa jamaa yetu hapa Mbangala alitusubiri karibu na mahali pa kutawadhia, akiwa pamoja na binti yake wa kidato cha nne. Binti alikuwa na daftari la biolojia mkononi. Katika somo la uainishaji wa wanyama alikuwa ameandika kwamba miongoni mwa jamii ya konokono na chaza wamo viumbe wa kilindini wenye umbo la mnyoo, wasio na kombe wala macho, na kwamba hao ndio walio duni kuliko wenzao wote. Neno lililotumika darasani lilikuwa la Kiingereza. "Duni" ilikuwa tafsiri yake mwenyewe. Akatuuliza, "Ustadh, Mwenyezi Mungu ameumba kitu duni?"

Sisi tuliokuwapo, katibu na wajumbe wawili wa kamati ya msikiti, tulijibu upesi kuliko ilivyofaa. Tulimwambia kwamba maneno ya vitabu vile ni ya kujibia mtihani, asiyatie moyoni. Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Kama ni ya mtihani tu, Ustadh, basi kuna faida gani kuyasoma?" Baba yake ndipo akatueleza kilichowaleta. Siku za kujaza fomu ya tahasusi zilikuwa zimekaribia. Binti alitamani masomo ya sayansi ili baadaye asomee uuguzi au utabibu, na nyumbani wakubwa walikuwa wameanza kusema kwamba elimu inayowaita viumbe wa Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) duni haina heri kwa mtoto wa Kiislamu. Walitaka neno la kamati, na neno tuliloliona jepesi lilikuwa linaelekea kumfungia mtoto mlango.

Tulimwomba mzee atupe wiki moja. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata katika kusoma na kuuliza, na tumeona yafae kurasa za familia, kwa kuwa hatudhani ni nyumba ile moja tu yenye swali hili.

Tuanze na jamii yenyewe. Wataalamu huwaita moluska, nao ni wanyama wa mwili laini ambao wengi wao hujitengenezea kombe la chokaa. Konokono anayetambaa kwenye migomba yetu baada ya mvua ni moluska. Chaza, kome na kauri wa pwani ni moluska, na kadhalika pweza na ngisi, ingawa wakazi wa bara huwaona hawa wawili zaidi kwenye picha kuliko kwenye sahani. Zimekwisha kutajwa spishi hai zaidi ya 70,000, na wataalamu huzigawa katika makundi makuu manane. Katika hayo manane, mawili hayana kombe kabisa na yana umbo la mnyoo. Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika daftari la binti.

Kundi la kwanza huitwa Caudofoveata, jina la Kilatini linaloashiria kishimo kilichoko upande wa mkia. Zimeelezwa spishi zake zaidi ya 100. Huyu huishi ndani ya tope la sakafu ya bahari, kichwa kikiwa chini na mkia ukielekea juu. Kichwani ana kibao kigumu kidogo anachokitumia kusukumia tope. Mkiani, ndani ya kile kishimo, mna matamvua mawili ambayo huyachomoza juu ya tope ili apate hewa iliyo ndani ya maji. Hana mguu wa kutambalia kama wa konokono, kwa sababu anapoishi hakuna pa kutambaa. Chakula chake ni mabaki yaliyooza yanayoshuka kutoka juu, pamoja na vijidudu vya seli moja vyenye vijumba vya chokaa vilivyojaa katika tope lile. Wamo dume na jike.

Kundi la pili ni Solenogastres, yaani wenye mfereji tumboni. Hawa ni wengi zaidi, spishi zaidi ya 250. Tumboni mwao mna mfereji mwembamba unaokwenda urefu wote wa mwili, na ndani yake umo mguu uliokonda hata ukawa kama uzi. Kwa mguu huo, na kwa ute wanaoutandaza mbele yao, huteleza polepole juu ya tope au juu ya matumbawe laini. Wengi wao huwala wanyama wa jamii ya matumbawe, wale wale wenye vijisindano vya sumu, na baadhi huonekana wamejiviringisha kwenye tawi la mnyama wanayemla kama kamba iliyozungushwa mtini. Kwa lugha ya mafakihi tungesema kila mmoja wao ni huntha, kwa kuwa ana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja.

Wengi wa viumbe hawa hawazidi urefu wa ukucha, na wamo wa milimita moja au mbili tu, japokuwa wachache hufikia sentimita 30. Huonekana tangu maji ya kina kifupi hadi zaidi ya mita 4,000, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki kamwe. Aya ya 40 ya Surat An-Nur inataja giza la bahari yenye kina, nasi tunaoishi mbali na pwani tumezoea kuisoma bila kuwafikiria wakazi wa giza hilo.

Kinachostaajabisha zaidi ni ngozi yao. Ukimtazama mmoja wao kwa macho matupu utaona kama uzi wa hariri unaometameta. Ukimweka chini ya hadubini utaona kwamba mmetameto ule unatoka kwenye maelfu ya miiba na vigamba vidogo mno, vilivyopangwa kwa safu juu ya mwili wote. Kila kimoja kimetengenezwa kwa aragonaiti, aina ya chokaa inayopatikana pia katika lulu. Miiba hiyo hutofautiana kwa umbo baina ya spishi na spishi: mingine bapa kama jani, mingine mfano wa sindano, mingine imepinda kama ndoana. Mtaalamu anayetaka kumtambua mnyama huyu huanza kwa kuisoma miiba yake, kisha humkata vipande vyembamba sana ili aone viungo vya ndani. Kinywani mwa wengi wao mna utepe wenye vijino, kifaa ambacho konokono wa bustanini hutumia kukwangulia majani.

Msomaji wa kurasa hizi hatakosa kuuliza kama analiwa. Katika madhehebu ya Imam Shafii (Rahimahullah) mlango wa viumbe vya baharini ni mpana, lakini huyu ni mdogo, amejaa miiba na anakaa chini mno. Hatujasikia mpishi aliyepata kumhitaji.

Bahari Hindi ya kwetu nayo imewahi kuchunguzwa kilindini. Mwaka 1899 meli ya Kijerumani iitwayo Valdivia, msafara ukiongozwa na mwanazuoni Carl Chun, ilifika Dar es Salaam baada ya kuburuza nyavu katika vilindi vya bahari kadhaa. Lakini safari inayotugusa zaidi ni ya Mabahith, meli ya serikali ya Misri. Iliondoka Iskandaria tarehe 3 Septemba 1933, ikapita Bahari ya Shamu na Bahari ya Arabu, ikafika hadi Mombasa na Unguja, na ikarejea Iskandaria tarehe 25 Mei 1934. Mkuu wa utafiti alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell, lakini mabaharia wengi walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wanasayansi walikuwamo Dkt. Abdel Fattah Mohamed na Dkt. Hussein Faouzi, aliyekuwa pia tabibu wa meli. Ramadhani ya mwaka 1352 Hijria iliwakuta safarini. Faouzi baadaye aliandika kitabu cha kumbukumbu za safari ile na kukiita Sindbad Asri, yaani Sindbad wa zama hizi. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kwamba kuchungua tope la bahari ni shughuli ya watu wengine, wala Waislamu hawana habari nayo.

Sasa turudi kwenye neno la binti. Mnyama wa kwanza wa aina hii kuelezwa katika maandishi ya kitaalamu alielezwa mwaka 1844 na Sven Lovén wa Sweden, aliyempa jina Chaetoderma nitidulum, yaani mwenye ngozi ya nywele anayeng'aa. Lovén alimwona mrefu, mviringo, hana kombe wala mguu. Akamhesabu pamoja na minyoo. Nani angemlaumu? Mwaka 1875 Tycho Tullberg, naye Msweden, akaeleza mwingine aitwaye Neomenia. Mwaka uliofuata Hermann von Ihering akawaweka hawa karibu na kitoni, akawapa jina Aplacophora, yaani wasiobeba vibamba. Kitoni ni yule mnyama bapa mwenye vibamba vinane mgongoni, anayeng'ang'ania mawe ya ufukweni hata kumbandua ni kazi. Polepole, kwa kutazama utepe wa vijino, mishipa ya fahamu na moyo, wanazuoni wakakubaliana kwamba hawa si minyoo bali ni moluska.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza na lilirekebishwa. Baada yake likaja la pili, ambalo lilikawia zaidi. Kwa kuwa hawana kombe, wanazuoni wengi walisema kwamba hivi ndivyo moluska wote walivyokuwa hapo mwanzo: kwanza mnyoo mwenye miiba, kisha mwenye vibamba, kisha mwenye kombe moja kubwa. Mtetezi mashuhuri wa rai hiyo alikuwa Luitfried von Salvini-Plawen wa Vienna. Vitabu vikaichukua. Neno walilolitumia kwa Kiingereza maana yake sahihi ni "cha kale", au "kilicho karibu na asili", wala halimaanishi kwamba kiumbe ni kibovu au hakikukamilika. Kwa hiyo tafsiri ya binti ilikuwa na dosari, na sisi tulipaswa kumwambia hivyo palepale badala ya kukidharau kitabu chake.

Hata hivyo jambo halikuishia kwenye tafsiri, kwa maana hiyo "cha kale" yenyewe imekuja kutikiswa. Bibi Amelie Scheltema, mtafiti wa Woods Hole huko Marekani, alitumia miaka mingi kuwachunguza viumbe hawa, na mwaka 1993 alitoa hoja kwamba Aplacophora si mfano wa babu wa moluska wote. Kwa rai yake hawa ni ndugu wa karibu wa kitoni, ambao umbo lao jepesi limetokana na kupungukiwa viungo. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalilinganisha jeni nyingi za moluska, na yote mawili yakaona kwamba kitoni na hawa wenye umbo la mnyoo ni tawi moja.

Mwaka 2012 kikatangazwa kisukuku kutoka Herefordshire, nchini Uingereza. Ni mnyama aliyefukiwa na majivu ya volkeno chini ya bahari, na wanajiolojia wanampa umri wa miaka milioni 425. Mark Sutton na wenzake hawakuweza kumtoa ndani ya jiwe. Walilisaga jiwe hilo tabaka kwa tabaka, kila tabaka jembamba kuliko karatasi, wakapiga picha kila hatua, kisha kompyuta ikaziunganisha picha zile zikawa sanamu kamili. Jiwe lenyewe likaisha katika kusagwa. Sanamu ilionyesha mwili mrefu wa mviringo wenye miiba, sawasawa na wa kilindini wa leo, lakini mgongoni ana vibamba saba. Walimwita Kulindroplax. Mwaka 2013 uchunguzi wa lava wa spishi moja ya Solenogastres, Wirenia argentea, ulionyesha kwamba katika uchanga wake huwa na mpangilio wa misuli unaofanana na wa kitoni, na mwingi wa mpangilio huo hutoweka anapokua.

Maana yake ni kwamba mnyoo huyu hakuwa mtu wa kwanza katika foleni anayesubiri kombe lake. Wazee wake walikuwa na vibamba, na uzao wao ukaviacha. Wala si jambo geni katika jamii hii. Konokono uchi wa bustanini ametokana na konokono wenye kombe. Mama anayemsafisha ngisi jikoni hukuta ndani yake ala nyembamba inayoangaza kama plastiki. Hicho ndicho kilichosalia cha kombe la wazee wake. Pweza hana hata hicho, naye hujulikana kwa werevu. Kwa anayeishi ndani ya tope laini au anayejiviringisha kwenye tawi la tumbawe, kombe zito lingekuwa mzigo.

Hapa baadhi ya wazazi watashtuka kusikia habari za mababu na mabadiliko ya viumbe. Tunafahamu. Jambo linalowasumbua wengi ni kuumbwa kwa Nabii Adam (Alayhis Salaam), nalo ni suala la itikadi lenye dalili zake, na makala haya hayaligusi. Tunazungumza juu ya konokono na jamaa zake, na juu ya ushahidi wa mawe na miili ambao mtu anaweza kuupima. Kwa maoni yetu mzazi akichanganya mambo haya mawili humfanya mtoto adhani kwamba dini inaogopa konokono.

Kosa la kuhukumu kwa sura ya nje limewahi kutokea karibu nasi pia, na kwa moluska hao hao. Ukiondoka Tunduma kwa barabara ya Sumbawanga ukaendelea hadi Kasanga, utafika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika ziwa hilo, wakisafiri pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa amepata kuishi India. Speke alipeleka London makombe aliyoyaokota, na mwaka 1859 Samuel Woodward akayaeleza. Ilistaajabisha: yalikuwa ya maji baridi, lakini yalifanana na ya baharini, mazito na yenye mapambo. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja ziwani mara mbili mwishoni mwa karne ile, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima kuhusu fumbo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale, na kwamba konokono wake ni masalia ya bahari hiyo.

Ilikuwa hoja nzuri, nayo haikusimama. William Cunnington alitumwa kuchunguza zaidi mwaka 1904 na 1905, na elimu iliyofuata ilionyesha kwamba ziwa limo katika Bonde la Ufa, lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12, na halikuwa bahari. Konokono wake ni uzao wa konokono wa maji baridi. Makombe yamekuwa mazito kwa sababu mojawapo iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kubanwa na kaa: ziwani humo wamo kaa wenye makoleo yenye nguvu ya kuvunja kombe, na konokono mwenye kombe jembamba hakuishi muda mrefu. Makombe matupu ya konokono mkubwa wa ziwa hilo, Neothauma, hutumiwa na samaki wadogo kuwa nyumba za kutagia mayai. Ama kilindi cha ziwa hakina wakazi wa namna ya Caudofoveata. Kina chake kinafika mita 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni ya kumtosha mnyama kupumua, ilhali sehemu kubwa ya vilindi vya bahari inayo.

Ijumaa iliyofuata tulimweleza mzee na binti yake yote haya, tukaanza kwa kuwaomba radhi kwa jibu la wiki iliyotangulia. Tulimwambia binti kwamba "duni" aifute, na kwamba hata akiandika "cha kale" aongeze kuwa jambo hilo limepingwa kwa ushahidi wenye nguvu. Alisikiliza, kisha akauliza akiandika "cha kale" katika mtihani na msahihishaji akawa anataka "duni" itakuwaje. Mjumbe mmoja alicheka. Tulimwambia mtihani huo ni wa Kiingereza, aandike neno la kitabu, na lililo sahihi alijue.

Baba yake aliuliza jambo moja tu: huyo bibi wa Marekani aliwasoma wadudu hawa kwa miaka mingapi? Tulipomwambia kwamba ilikuwa kazi ya umri wake, alitikisa kichwa, akasema, "Mashaallah, subira."

Fomu ilijazwa Jumanne, na tahasusi aliyoiandika binti katika nafasi ya kwanza ina biolojia ndani yake. Mjomba wake ni dereva wa lori anayekwenda Kasanga mara kwa mara, naye aliagizwa amletee makombe ya ziwani. Alileta matano katika mfuko wa rambo, moja likiwa limevunjika ukingoni. Binti amelitenga hilo peke yake na kuliandikia karatasi: "Kaa?"